Majirani wa Tangini

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kueleza viumbe wanaoweza kukaa mahali pamoja bila kuangamizana, na vitenzi hivyo havisemi jambo moja. Kulingana ni kuwa sawa kwa kipimo. Kuchukuana ni kufaana, kama rangi ya kanga inavyochukuana na rangi ya gauni. Kupatana ni kufikia maelewano, na aghalabu hutanguliwa na ugomvi. Kuchukuliana ni kuvumiliana: mmoja hubeba uzito wa kasoro za mwenzake, naye akabebewa zake. Nimefundisha tofauti hizi kwa miaka mingi kwa mifano ya wanandoa, wapangaji na mataifa. Mfano unaonifaa zaidi, hata hivyo, nimeupata katika tangi la kioo la lita 240 lililoko sebuleni mwangu, kusini mashariki mwa Uingereza, ambamo nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika.

Ziwa hilo, linalogawanywa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, lina kina cha karibu mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal pekee linalolipita. Umri wake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka, na katika muda huo jamii moja ya samaki, yaani sikilidi, ndugu wa perege na sato, imezaa humo spishi zinazokaribia 250, nyingi zisizopatikana penginepo popote. Sisi tuliokulia Kigoma tulimjua mgebuka, dagaa na kuhe, kwa kuwa hao huingia chunguni. Samaki wadogo wa rangirangi waliojificha kwenye mawe ya ufukweni hatukuwahesabu. Huku Ulaya mambo yamegeuka. Tangu miaka ya 1970, Pierre Brichard alipokuwa akisafirisha samaki hai kutoka Burundi, ni wale wasiohesabiwa ndio wanaotafutwa, na wafugaji huwatofautisha kwa jina la kijiji walikovuliwa. Ukiingia katika duka linalowauza utasoma vibandiko juu ya matangi: Ikola, Kipili, Kasanga, Mpimbwe, Moba, Mpulungu. Kwa mtu aliyewahi kusafiri kwa meli ya Liemba, kusoma vibandiko hivyo ni kama kusikia vituo vikitajwa.

Anayetaka kuwachagulia samaki hawa wenzao wa kukaa nao hukabiliwa na maswali matatu, na mpangilio wake una maana. Swali la kwanza ni la maji. La pili, la chakula. La tatu, la mahali. Watu wengi huanza na jambo la nne, yaani uzuri, kisha hushangaa mbona tangi limekuwa uwanja wa vita au makaburi.

Maji ya Tanganyika ni magumu na yana alkali nyingi: pH yake huwa kati ya 8.5 na 9, na joto la tabaka la juu huwa nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi. Yule samaki mdogo anayependwa kuliko wote katika maduka ya hapa, neoni mwenye mstari wa buluu ing'aayo, asili yake ni bonde la Amazon, katika maji laini yenye asidi na rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza. Samaki wa dhahabu, naye, ni wa maji ya baridi. Watatu hawa wanaweza kuuzwa katika duka moja, kwenye matangi yaliyopakana, na mnunuzi akadhani kuwa maji ni maji. Sivyo. Nilipokuwa nikisomea uzamivu Glasgow, maji ya bomba yalitoka Loch Katrine na yalikuwa laini mno. Birika halikuwahi kuota chokaa. Hapa ninapoishi sasa maji hupita kwenye miamba ya chaki, na birika hujaa ukoko mweupe kila baada ya wiki chache. Jirani zangu hulalamika. Mimi hufurahi, kwa maana maji hayo yanayoharibu birika yanakaribiana na yale ya Kigoma kuliko maji yoyote niliyoyaona Uskoti. Huko ningelazimika kuyatengeneza kwa chumvi maalumu na mchanga wa matumbawe. Hapa kazi kubwa iliyobaki ni kuyaondolea klorini na kuyapasha moto.

Na hata maji yanayolingana hayatoshi yakiwa mapya. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota ndani ya chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha wengine huigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa kidogo. Kundi hilo la bakteria huchukua wiki nne hadi sita kukomaa, na katika maji yenye alkali amonia huwa na ukali zaidi. Kwa hiyo tangi la Tanganyika huandaliwa wiki kadhaa kabla ya mgeni wa kwanza, na wageni huingizwa wachache wachache. Tangi halina ziwa la kulisaidia kuyeyusha makosa. Maji ya kifuu, walisema wahenga, ni bahari ya chungu. Lakini chungu wa kwenye kifuu hana bandari ya kukimbilia.

Swali la chakula hudharauliwa kwa sababu chakula cha samaki huuzwa katika mikebe inayofanana. Samaki wa jenasi ya Tropheus hukwangua mwani kwenye mawe kutwa nzima, na utumbo wake ni mrefu kuliko mwili wake mara kadhaa. Ukimweka na samaki walao nyama, ukawalisha wote chakula kimoja chenye protini nyingi ya wanyama, tumbo lake huvimba naye hufa, bila mwenzake kumgusa. Hawakugombana, walipikiwa chungu kimoja. Kwa upande mwingine wamo waliofanya jirani kuwa ndicho chakula chenyewe. Perissodus microlepis huishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine. Mdomo wake umepinda, kwa baadhi yao kuelekea kulia na kwa wengine kushoto, ili amvizie windo kwa nyuma na kulishambulia ubavuni. Mtafiti wa Kijapani Michio Hori alionyesha mwaka 1993 kwamba idadi ya wenye mdomo wa kulia na wa kushoto hupanda na kushuka kwa zamu, kwa sababu mawindo hujifunza kulinda ubavu unaoshambuliwa zaidi. Huyu ni kiumbe wa kusomwa kwa heshima, lakini si wa kumfungia na mtu yeyote.

Swali la mahali ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Tangi langu lina wakazi wa ngazi tatu. Chini, kwenye mchanga, nimetawanya maganda matupu ya konokono, na ndani yake wanaishi Neolamprologus multifasciatus, mojawapo ya sikilidi wadogo kuliko wote duniani, dume akiwa na urefu wa sentimita nne hivi. Kila mmoja ana ganda lake, na huchimba mchanga kulizunguka kama mtu anayefagia uwanja wake. Katikati, kwenye rundo la mawe upande wa kushoto, wanaishi Julidochromis wawili, dume na jike, wenye umbo la biri na mistari mieusi. Hutembea juu ya mawe wakiwa wameyaegemea kwa tumbo, hata chini juu wanapopita darini mwa pango. Juu, mahali pasipo jiwe wala ganda, huogelea kundi la Cyprichromis kumi na wanne, wenye asili ya Utinta, ambao hutaga mayai katikati ya maji. Jike huyadaka kabla hayajazama na kuyalea mdomoni kwa wiki tatu hivi. Ngazi hizi tatu zimekaa kwa amani kwa sababu hakuna anachokitaka mmoja ambacho mwenzake anacho. Mwenye ganda hana haja ya pango, na mwenye pango haioni thamani ya maji ya wazi.

Kutokana na mpango huo nimejifunza kanuni ambayo wafugaji wote wa samaki hawa huithibitisha: samaki humpiga anayefanana naye. Adui mkubwa wa dume ni dume wa spishi yake, kisha yule wa spishi nyingine mwenye umbo, rangi na mlo unaokaribiana na wake. Asiyefanana naye kwa lolote humpita kama jiwe. Ndiyo maana mtu anayetaka utulivu hachagui samaki wa namna moja kwa wingi wa spishi. Huchagua walio mbali kwa umbo na kazi, ila walio karibu kwa maji.

Kanuni hiyo ina pande zake za kushangaza. Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Uvira anayeishi mwendo wa saa moja kutoka kwangu, anafuga Tropheus ishirini na wawili katika tangi lenye urefu wa mita moja na nusu. Angekuwa nao wanne, angebaki na mmoja, kwa kuwa mbabe angewaandama wengine mmoja baada ya mwingine hadi wafe. Wakiwa ishirini na wawili, mbabe hana uwezo wa kumfuata mtu mmoja kwa muda. Ghadhabu yake hugawanywa kwa wengi, na kila mmoja huambulia kipande kinachobebeka. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba penye wengi pana mengi. Katika tangi hilo penye wachache ndipo penye mauti.

Upande wa pili ni wa Neolamprologus brichardi, ambaye wauzaji humwita Binti Mfalme wa Burundi. Ni samaki mzuri, mwenye mapezi yanayoning'inia kama ushungi mwembamba. Sifa yake kubwa ni upendo wa jamaa: watoto wakubwa hawaondoki nyumbani, bali hubaki kuwalinda na kuwasafishia mayai wadogo zao wa mkupuo unaofuata. Ukisoma habari zake utadhani umesoma khutuba ya maadili. Katika tangi dogo, hata hivyo, ukoo huo ukishaongezeka humsukuma kila asiye wa damu yake hadi kwenye pembe ya juu, na siku chache baadaye unamtoa amekufa. Samaki aliyenyimwa mahali hujulikana kwa alama hiyo: hukaa kimya kwenye kona ya juu, karibu na kipasha maji, akipumua kwa haraka. Haumwi. Hana tu pa kuwa.

Binti yangu, aliyezaliwa hapa na ana miaka tisa, alitaka tuongeze neoni kumi katika tangi. Nilimweleza habari za maji, naye akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Lakini kwa nini wasizoee?"

Swali hilo linastahili jibu la kweli, na jibu la kweli si jepesi. Neoni wengi wanaouzwa leo hawajauona mto Amazon; wamezalishwa katika mashamba ya samaki ya Asia, na wengi huishi miaka kadhaa katika maji magumu kuliko ya wazee wao. Kwa hiyo wanazoea. Ila mayai yao hayaanguliwi vyema katika maji magumu. Samaki mwenyewe huishi, hula, hung'aa, na mtazamaji haoni upungufu wowote. Kinachokosekana hakionekani kwa sababu hakikuzaliwa. Nikamwambia kwamba kuzoea na kustawi ni mambo mawili. Akafikiri kidogo, akasema, "Kama Bibi?"

Mama alikuja kukaa nasi kutoka Ujiji mwaka mmoja kabla ya mazungumzo hayo, kwa nia ya kudumu. Tulimwandalia chumba chenye jua la asubuhi. Daktari alimwona, dawa zake za shinikizo zilipatikana, na mke wangu alimpikia ugali na mgebuka mkavu ulioletwa na wageni. Alizoea. Alijifunza kutumia mashine ya kufulia, akajua siku za kutoa taka, akawa anasalimiana kwa kichwa na mwanamke wa nyumba ya pili. Alasiri alikaa kwenye kiti kilicho karibu na kipasha joto cha ukutani, mtandio mabegani, akiangalia tangi.

Siku moja nilimpeleka katika duka la samaki. Alisimama mbele ya vibandiko, akavisoma kwa sauti. Alipofika kwenye Ikola alicheka. "Hapa Ikola nililala siku mbili nikiingoja Liemba, nina mimba yako," akasema. Kijana muuzaji akamuuliza, kupitia kwangu, kama anawafahamu samaki hao. Mama akamweleza kwa kirefu: mawe yanakaa wapi, upepo wa kusi ukivuma maji yanachafuka namna gani, watoto huwanasa vipi kwa kipande cha chandarua, na kwamba hakuna aliyewahi kuwanunua. Kijana aliandika kwenye daftari. Nilikuwa nikitafsiri haraka, na katikati ya kazi hiyo nikatambua kwamba tangu afike Uingereza sikuwa nimewahi kumwona Mama akiulizwa jambo analolijua.

Jioni ile hakusema neno. Wiki mbili baadaye aliniita chumbani kwake. "Mwanangu, mmenitunza, Mungu awalipe. Sijakosa kitu hapa. Lakini mtu hatunzwi tu, mtu hutunza. Kule nina wajukuu wa marehemu dada yangu, nina kikundi changu cha wanawake, nina watu wanaonigombeza na mimi nawagombeza. Nitafutieni tiketi." Aliondoka kabla ya majira ya kuchipua. Tunazungumza kila Ijumaa, na mara nyingi hunikata maneno kwa kuwa kuna mtu mlangoni anayemhitaji.

Kwa hiyo nilimjibu binti yangu kwamba ndiyo, kama Bibi. Hakukuwa na aliyemtendea ubaya, wala yeye hakumchukia mtu. Alikuwa na maji, chakula na joto; hakuwa na eneo.

Hapa sina budi kuweka mpaka, kwa kuwa fani yangu ni fasihi na najua jinsi mfano unavyoweza kumkimbia mwenye kuutumia. Wapo watu katika nchi hii, na katika nchi tulizotoka, wanaopenda kutoa ushahidi wa wanyama ili kusema kwamba kila kabila likae kwake. Wakilisoma tangi kwa uangalifu hawatapata wanachokitafuta. Samaki hagombani na aliye tofauti. Hugombana na aliye sawa naye anayetaka jiwe lile lile. Upendo mkubwa wa damu ndio uliomsukuma mgeni kwenye kona. Wingi ulileta nafuu. Na juu ya yote, samaki hakuchagua, alichaguliwa. Mama alichagua kuja na akachagua kuondoka, na uchaguzi wote miwili ulikuwa wake. Vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana, lakini anayevipanga kabatini ana sehemu yake katika lawama.

Habari ya mpangaji ndiyo habari ya Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara, samaki mkubwa mlanyama, aliingizwa katika ziwa ambalo hakuwamo. Nia ilikuwa kuongeza mavuno. Mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kupinga mpango huo. Miaka ya 1980 sangara alifurika. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza na kwingineko, na familia nyingi zikapata riziki ambayo si haki kuibeza. Wakati huo huo furu, sikilidi wadogo waliokuwa mamia ya spishi ziwani humo, walitoweka kwa kasi; wataalamu hukadiria kwamba zaidi ya spishi mia moja, huenda hata mia mbili, zilipotea, huku uchafuzi wa maji ukichangia. Sangara hakuwa na hatia zaidi ya njaa yake. Aliyeuliza swali la mavuno bila kuuliza swali la ujirani ndiye aliyegeuza ziwa zima kuwa tangi lililopangwa vibaya.

Baadhi ya furu hao leo wamo katika matangi ya Ulaya na Marekani, yakiwemo ya majumbani mwa watu wa kawaida. Wanazaana. Ni vizazi vingi sasa ambavyo havijagusa ziwa, na kama si matangi hayo wasingekuwapo kabisa. Sijui msomaji aliyeko Muscat, Toronto au Minneapolis, anayewafundisha wanawe Kiswahili jikoni, atayapokeaje maneno haya. Mimi hunipa moyo kwa kiasi na hunihuzunisha kwa kiasi, na sijaona sababu ya kuuondoa upande mmoja ili kuupendeza mwingine.

Tulilitatua suala la neoni kwa tangi la pili, dogo, la lita 60, ambalo binti yangu hulijaza maji yaliyochujwa hadi yakawa laini, akiyapima kila Jumamosi na kuandika vipimo ukutani. Neoni wake kumi wanaendelea vyema.

Mwezi uliopita Cyprichromis wetu walipata watoto kuliko nafasi tuliyonayo, nasi tukawapa wanane rafiki yangu wa Uvira. Ada ya wafugaji ni kwamba mfuko uandikwe spishi, kijiji cha asili na kizazi, ili mtu asije akachanganya wa Utinta na wa penginepo bila kujua, kwa kuwa wakishachanganyika tangini hakuna awezaye kuwatenganisha tena. Nilimwachia binti yangu kazi ya kuandika. Aliandika jina la spishi, akaandika Utinta, kisha akaniuliza kama tuandike pia mahali walipozaliwa. Nikamwambia kwamba ada haidai hivyo. Akasema nafasi ipo. Chini ya Utinta, kwa herufi zenye ukubwa ule ule, akaandika jina la mji wetu.